Safari Yetu ya Welezo

Safari nyingi zinazoandikwa katika majarida yetu ni za Makka na Madina, au za ziara za masheikh na maulidi ya miji. Hii yetu ni fupi, ya siku tano tu, wala hatukwenda kuzuru kaburi la walii au kusikiliza darsa. Tulikwenda kuitazama nyumba wanamokaa wazee wasio na watu, nasi tulikwenda kwa kuwa haja ilikwisha kutufika mlangoni.

Yuko kwetu Bagamoyo mzee mmoja aliyetufundisha alifu kwa kijiti. Ni mtu wa Unguja kwa asili. Alivuka bahari mwaka 1962 akiwa kijana, akafungua chuo katika ukumbi wa nyumba ya kupanga, na tangu hapo hakuhama. Watoto waliohitimu mikononi mwake hawana idadi, na sisi tunaoandika haya ni mmoja wao. Wanawe wawili walifariki wadogo, na mkewe amemtangulia mbele ya haki miaka tisa sasa. Macho yamepungua, magoti hayamchukui, na nyumba anayokaa warithi wake wanataka kuiuza.

Basi tulikusanyika usiku mmoja baada ya Sala ya Isha, wanafunzi wake wa zamani kiasi cha watu kumi na wanne, tutafute shauri. Mmoja wetu, mfanya biashara, akasema kwamba huko Unguja ziko nyumba za serikali za kulea wazee, na kwa kuwa Maalim ni mtu wa huko, huenda akapokewa. Maneno hayo yaliwaudhi wengi. Wakasema, vipi mzee wa Kiislamu, hafidh wa Qur'ani, apelekwe penye wasiojiweza na sisi tungali hai? Hayo ni mambo ya Wazungu! Tukatikisa vichwa sote kwa kukubali. Ndipo yule mfanya biashara akauliza swali moja tu: nani atakayemchukua nyumbani kwake usiku ule? Kila mtu akautazama mkeka. Nasi tuliutazama, wala hatuoni faida ya kuficha. Nyumba yetu ina vyumba viwili na watu wanane.

Ikaamuliwa mtu mmoja aende Unguja akaone kwa macho yake, maana tulikuwa tukiilaani na kuisifu nyumba tusiyoijua. Likatuangukia sisi, kwa kuwa madrasa zilikuwa zimefungwa. Tulipokwenda kumuaga, Maalim alitoa chini ya mto barua iliyokwisha kufungwa, akasema, "Mpe ndugu yangu. Alikuwa akikaa Mwembetanga." Tukamuuliza ni lini alipata habari zake mara ya mwisho. Akafikiri sana, kisha akasema, "Zamani."

Tuliondoka alfajiri kwa basi hadi Dar es Salaam. Jambo moja la njiani linafaa kutajwa, kwa kuwa twazoea mno kuwasema vijana. Alipanda bibi mmoja mwenye kikapu cha dagaa, na kijana aliyevaa suruali iliyochanikachanika magotini, ambaye tulikwisha mhukumu moyoni, aliinuka mbele ya watu wote akampisha, kisha akakishika kikapu kile mpaka bibi aliposhuka. Sisi tulikuwa bado twajishauri.

Boti ilipokuwa ikitoka bandarini tuliiona Kigamboni upande wa kulia, na abiria mwenzetu akatukumbusha kwamba huko, mahali paitwapo Nunge, yako makazi ya wazee na wasiojiweza yanayotunzwa na serikali. Bara yako makazi kadhaa ya namna hiyo: Mwanzange mjini Tanga, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto huko Shinyanga, Bukumbi karibu na Mwanza. Baadhi yake yaliwekwa mwanzo kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, watu waliokuwa wakifukuzwa makwao, na hii ndiyo sababu jina la makazi hayo lingali likitisha masikioni mwa wazee wetu. Mtu akiambiwa "utapelekwa makazini" huhisi ametengwa na watu.

Tukiwa baharini, na bahari ilikuwa shwari kwa fadhila za Mola, tulipata nafasi ya kulifikiri jambo lenyewe. Wasomaji wetu vijana huenda wakaona kwamba wazee wamekuwapo siku zote, basi la ajabu ni lipi? La ajabu ni kwamba zamani wazee walikuwa wachache. Katika miaka ya 1960 makadirio ya umri wa mtu wa Tanganyika na Unguja yalikuwa miaka arobaini na kitu, kwa sababu watoto wengi walikufa wachanga na malaria haikumstahi mtu. Leo umri huo umepita miaka sitini na mitano. Hesabu ya watu ya 2012 ilionyesha kwamba Tanzania ina watu zaidi ya milioni mbili na nusu wenye miaka 60 na kuendelea, nao walikuwa asilimia 5.6 ya watu wote. Duniani kote watu wa umri huo walikuwa kiasi cha bilioni moja mwaka 2020, na Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba ifikapo 2050 watapita bilioni mbili. Chanjo, dawa na maji safi vimetupa neema hii. Mwenyezi Mungu ametuongezea miaka ya wazazi wetu. Sisi hatukuwaongezea vyumba.

Maana nyumba zimebadilika. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na ukumbi mrefu, ua, na baraza ya nje, na bibi kizaa bibi alikuwa na kitanda chake karibu na jiko, akichambua mchele na kuwafinya watoto wanaopita. Leo kijana hupanga chumba na sebule. Mkewe huenda kazini naye hurudi magharibi. Ndugu mwingine yuko Maskati, mwingine Dubai, nao hutuma fedha, na kusema kweli hawakosi kutuma. Lakini fedha haziwezi kumgeuza mgonjwa kitandani usiku wa manane. Huko bara nako, maradhi ya ukimwi yaliwachukua wana na kuwaacha wazee wakilea wajukuu, badala ya wao kulelewa.

Tuliteremka Malindi adhuhuri, tukasali, na kesho yake asubuhi tukashika njia ya Welezo, nje kidogo ya mji.

Habari za mahali hapo ni za zamani. Wakati wa utawala wa Kiingereza ilikuwako Welezo nyumba ya maskini, wenye kuiangalia walikuwa masista wa misheni ya Katoliki, na serikali ikisaidia kwa fedha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilijenga nyumba za wazee Sebleni, na ulezi wa wazee wasio na jamaa ukawa ni kazi ya dola. Tuliyakumbuka haya kwa haya. Kisiwa chenye misikiti mingi namna hii, na masheikh waliojulikana mpaka Ngazija na Hadharamaut, na bado maskini wake wakongwe waliogeshwa na masista. Mwenyezi Mungu awalipe kwa wema walioutenda. Sisi swali letu ni juu ya nafsi zetu.

Tulikuta wazee wameketi vivulini, wengine wakilala, wengine wakicheza bao. Tukatoa salamu, tukapiga shikamoo moja baada ya nyingine mpaka tukachoka, nazo marahaba zikatujia kwa lafudhi za nchi mbalimbali. Hili ndilo lililotushangaza kwanza. Tulidhani tutawakuta watu wa mji waliotupwa na wana wao. Tulioongea nao, wengi wao walikuwa wageni wa jana: watu waliovuka kutoka bara wangali vijana kuja kuchuma karafuu, kupalilia mashamba na kuchukua mizigo bandarini, wakakaa msimu mmoja, ukawa mwaka, ikawa umri mzima. Hawakuoa, au walioa wasijaaliwe watoto, na kwao bara hawajui tena ni nani aliyebaki. Hawa hawakutupwa na mtu, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwatupa. Tulimkumbuka Maalim wetu. Yeye alivuka kwa upande mwingine, lakini bahari ni hiyo hiyo.

Mzee mmoja, kipofu, mcheshi mno, alitushika mkono akatuuliza tumeleta nini. Tukasema kwa aibu kwamba tumeleta sukari na sabuni. Akacheka, akasema, "Basi ninyi si watu wa Ramadhani. Ramadhani twaletewa tende na futari mpaka matumbo yauma. Ikiingia Mfungo Mosi, hata anayepita njiani hatumsikii." Hayo aliyasema kwa mzaha, nasi twayaandika kama alivyoyasema.

Lakini tuliketi pia na bibi mmoja ambaye watoto anao. Hatutasema wangapi wala wako wapi. Alituambia kwamba mkwewe hakuwa mbaya, na mwanawe hakuwa mbaya, na kwamba siku aliyoondoka alijifungia nguo zake mwenyewe ili wasigombane kwa ajili yake. Tukamuuliza kama huja kumtazama. Akatengeneza mtandio wake, akasema, "Wana kazi nyingi, mwanangu." Hatukuuliza tena.

Alipokwisha kusema hayo alituonyesha alivyonunua kwa fedha zake: chanuo, mafuta ya nazi, na peremende za watoto wa mtumishi mmoja. Fedha hizo ni za pensheni. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar humlipa kila Mzanzibari mkaazi aliyefikia miaka 70 pensheni ya kila mwezi, awe alifanya kazi ya serikali au hakufanya, awe tajiri au maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000, na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Tulipoisikia mara ya kwanza tuliiona ni kitu kidogo. Mbele ya bibi yule tuliona vingine. Fedha hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zake, na mtu mwenye chake hata kama ni peremende huwa bado ni mwenyeji wa dunia, anaweza kutoa. Visiwani ikafuata sheria ya masuala ya wazee mwaka 2020. Bara iko Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, yenye kuahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, nayo yasema wazi kwamba makazi ni kimbilio la mwisho, na kwamba mahali pa mzee ni kwa jamaa zake. Maneno hayo hata sheikh asingeyatia kasoro. Tatizo ni mzee asiye na jamaa. Sera haiwezi kumzalia wana.

Tulipokuwa tukirudi mjini kwa daladala, hasira tuliyotoka nayo Bagamoyo ilikuwa imetuishia. Tuliyajaribu yale maneno ya "mambo ya Wazungu" katika mizani ya yale tuliyoyasoma, yakawa mepesi. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil ameuweka wema kwa wazazi mara tu baada ya kumwabudu Yeye peke Yake, akakataza hata mguno wa kuchoka nao wakifikia ukongwe, tena kwa neno lenye maana ya kwamba watakuwa "kwako", si kwingine. Mtume (s.a.w.) alimwombea udhalili yule aliyewakuta wazazi wake wazeeni wasiwe sababu ya yeye kuingia Peponi. Na Nabii Yusuf (a.s.), aliposhika hazina za Misri, hakumtumia baba yake chakula tu huko Kanaani; aliwaita wazee wake akawakalisha pamoja naye kitini. Kwa mwenye wana, basi, hapana la kujadili.

Ama asiye na wana, dini haikumwacha bila mlango. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba milangoni; akamshika mkono mpaka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akaagiza mtunza Baitul-Mal amwangalie yeye na walio mfano wake, na kodi akamwondolea. Mjini Cairo, mwaka 1285 kwa hesabu ya Kizungu, binti wa Sultani Baybars alijenga ribati ya wanawake wajane na walioachwa, wapate pa kukaa kwa heshima chini ya sheikha mwanamke, Zaynab al-Baghdadiyya, nayo ikadumu miaka mingi. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambamo tulilala siku zile, ziko nyumba chungu nzima zilizowekwa wakfu na matajiri wa zamani, nyingine kwa misikiti, nyingine kwa jamaa, nyingine ili maskini wapate pa kukaa. Basi nyumba ya kulea wasio na watu ni desturi yetu tuliyoisahau, tukaja kuiona kwa wengine tukadhani ni yao. Siku hizi twachangia minara. Hatuupingi mnara; twasema tu kwamba tumehudhuria vikao vingi vya kuchanga fedha, na hatujapata kusikia mtu akisimama kutangaza kwamba amejenga chumba kimoja chenye choo cha kukalia kwa ajili ya mzee asiyeweza kuchuchumaa.

Ilibaki barua. Mwembetanga tulizunguka saa tatu. Ndugu yake Maalim alikwisha kufariki zamani, lakini mwenye duka mmoja alimjua binti yake, akatupeleka Michenzani kwenye yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Anakaa ghorofa ya nne. Tulipofika juu tulikuwa tukihema, nasi hatujafika sitini. Mama yule, mtu wa makamo, alitupokea kwa ukarimu mkubwa, akatuwekea chai na mikate ya kumimina, na alipojua tumetoka kwa ami yake alilia. Kisha, bila ya sisi kumwomba, akasema, "Aje kwangu, ni baba yangu. Lakini ngazi hizi mmeziona. Akipanda, hatashuka ila kwa jeneza." Jirani yake wa juu, bibi mzee, hajatia mguu chini miaka miwili.

Barua ilikuwa imeandikwa kwa khati za Kiarabu, naye hakuzijua, hivyo akatutaka tumsomee. Tulikataa, akasisitiza. Tulidhani Maalim ameomba mahali pa kukaa. Hakuomba. Alikuwa akimtaka ndugu yake radhi. Mama yao alipougua mwaka 1974 aliitwa mara mbili asije. Mara ya kwanza hakuwa na nauli, mara ya pili nauli alikuwa nayo akaogopa aibu ya kufika mikono mitupu. Mama akafa. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuja wala kuandika, na sasa, ati, ameanza kufahamu jinsi siku zinavyokuwa ndefu kwa mtu anayesikiliza mlango.

Tulinyamaza wote wawili. Tena mama yule akasema kwamba marehemu babake alikuwa akilisimulia jambo hilo bila chuki, na kwamba alimsamehe nduguye zamani sana, mbele ya watu, siku ya arobaini ya mama yao. Na bibi mwenyewe, katika maradhi yake, alikuwa akisema mwanangu yuko bara anasomesha Qur'ani, mwacheni.

Tulirudi Bagamoyo usiku wa Ijumaa, tukampelekea Maalim maneno hayo kabla hatujafika kwetu. Alitutaka tuyarudie. Tukayarudia. Akatutaka tuyarudie mara ya tatu, hasa yale ya bibi, kisha akauliza nauli ya boti siku hizi ni kiasi gani.

Katika kikao tulieleza yote tuliyoyaona, mazuri ya Welezo na upweke wake. Hakuna aliyeilaani tena, na hakuna aliyesema Maalim apelekwe. Iliamuliwa kijengwe chumba ubavuni mwa madrasa, na watu kumi na wanne wapeane zamu za kulala kwake. Mfanya biashara alitoa bati na saruji. Wawili hawajalipa walichoahidi, na wanajijua. Zamu nazo hazijatengemaa. Wiki iliyopita usiku wa Jumatano haukuwa na mtu, akalala peke yake, na asubuhi tulimkuta ameketi chini kando ya kitanda, asiweze kuinuka. Alituambia hakuanguka, alikaa tu. Wapo wanaosema kwamba kwa mzee wa hali yake muuguzi wa kulipwa ndiye afaaye, na kwamba zamu za watu wenye kazi zao hazitamaliza mwaka. Huenda wakawa na haki. Jambo hilo tutalizungumza tena Ijumaa ijayo, inshaallah.

Chumba kimekwisha kupakwa chokaa. Mlango ungali kwa seremala.